Nimepandisha prosesa hadi 4.2: usiku haina neno, mchana inazima. Ni joto la kaskazi au kuna jengine?

#1 Jahazi la Langoni

Salaam wadau.

Nina kompyuta ya mezani hapa Lamu, nyumba yetu iko Langoni, chumba cha juu. Ndani mna Pentium G3258, ile ya mwaka 2014 ambayo Intel waliitoa bila kufuli ya mwendo kuadhimisha miaka 20 ya jina la Pentium. Madabodi ni H81, RAM ni GB 8, pawa saplai, kisanduku kinacholisha umeme, ni ile niliyoikuta kwenye keisi. Nahariri video za harusi na za maulidi, na ndiyo kazi inayonilisha.

Kiwandani prosesa hii inatoka na 3.2 GHz. Mwezi wa saba niliipandisha hadi 4.2, na kusi yote ilifanya kazi vizuri. Harusi ya saa tatu nilikuwa naianzisha baada ya isha, nikiamka alfajiri naikuta tayari. Sasa tangu kaskazi ishike, nikianza kutoa video kati ya saa saba mchana na saa kumi, inazima. Haileti skrini ya buluu wala haikwami. Inazima tap, kama mtu aliyechomoa waya ukutani. Usiku kazi ile ile inakwisha salama.

Nimefungua HWMonitor, programu ya kuonyesha joto, nikakaa mbele yake bila kupepesa. Namba ya mwisho niliyoiona kabla ya giza ni nyuzi 84. Pesti ya prosesa, ile inayopakwa kati yake na kipoza joto, nimebadilisha mara mbili. Nina harusi tatu za watu hazijatoka, na mama wa bibi harusi mmoja anapita mlangoni kila siku akienda sokoni. Nyinyi wa pwani mliopandisha prosesa, miezi hii mnaishi nazo vipi?

#2 Kijana wa Gede

Ni joto mkuu, usitafute mchawi. Mimi nina Ryzen 3 2200G huku Gede, kuanzia Januari mpaka mvua za masika zianze naishusha kutoka 3.9 hadi ilivyotoka kiwandani, mvua zikija naipandisha tena. Shusha hadi 3.8 umalize kazi za watu.

#3 Fundi Barani

Naomba kumpinga kijana wa Gede kwa heshima. Prosesa za kizazi cha Haswell, na G3258 ni mojawapo, hazizimi kwa nyuzi 84. Zikikaribia 100 zinaanza kujipunguza mwendo zenyewe. Ungeona kazi ya dakika 40 inachukua saa moja na robo, lakini kompyuta ingebaki imewaka. Kuzima kabisa ni hatua ya mwisho, mbali sana juu ya hapo.

Kwa hivyo mleta uzi, kama 84 ni namba ya kweli, prosesa siyo iliyozima. Kuna kitu chengine ndani ya keisi kimezima. Tuambie: chumba kina nyuzi ngapi usiku na mchana? Na ikishazima, inawaka papo hapo ukibonyeza?

#4 Jahazi la Langoni

Shukran fundi. Chumba ni cha nyumba ya kale, kuta za mawe ya matumbawe nene kama urefu wa mkono, lakini mimi niko ghorofa ya mwisho na juu yangu ni makuti. Kipimajoto cha ukutani kinasoma 27 usiku, mchana 32.

Ikizima haiwaki. Nabonyeza, feni inastuka kidogo halafu inalala. Nazima ukutani, nangoja kama dakika tano, ndipo inawaka.

#5 Fundi Barani

Hapo umenipa kitu. Hesabu ni hivi: kipoza joto hakishushi prosesa chini ya hewa ya chumba, kinaiweka juu ya chumba kwa kiasi fulani. Kama chumba kina 27 na prosesa 79, tofauti ni 52. Chumba kikienda 32, prosesa itakwenda 84, labda na nyuzi moja ya ziada. Usiku inasoma ngapi ikiwa kazini?

#6 Jahazi la Langoni

78, 79. Umetabiri barabara.

#7 Fundi Barani

Basi kipoza joto chako kinafanya kazi vile vile usiku na mchana. Kaskazi imekuongezea nyuzi tano tu. Swali ni nani ndani ya keisi alikuwa amebakiwa na nyuzi tano za uhai.

#8 Volti240

Ni pawa saplai. Kuzima kama waya uliochomolewa, kukataa kuwaka mpaka uzime ukutani na usubiri: hiyo ni kinga ya pawa saplai imefunga. Inajifunga ikipata joto, ikizidiwa mzigo, au umeme wa ukutani ukishuka.

Na mchana wa kaskazi Lamu ni wakati gani? Nyumba za wageni zimejaa, viyoyozi vyote vimewashwa, Shela mpaka Mkomani. Mimi nina mita ya kupimia umeme, nakaa Mkomani, na nimeshaona 240 ikiwa 205 saa nane mchana. Ikifika usiku wa manane inarudi 235. Umeme ukishuka, pawa saplai ya bei rahisi inavuta ampea nyingi zaidi ili itoe wati zile zile, na inapata moto zaidi. Wewe unaangalia kipimo cha prosesa kumbe anayekufa yuko kwenye kona nyingine ya keisi.

#9 BintiPate

Salaam nyote. Mimi nna duka la kuchapa na kupiga picha za pasipoti, nalijua jambo hili kwa mkono wangu. Nyinyi mwatizama namba, mimi nawaambia fungueni mutizame kwa mato. Hapa kwetu hewa ya bahari yangia kila mahala. Mwaka jana mashini yangu ilianza mtindo uo huo, mtana ikizima. Nilipotoa feni, zile mbati nyembamba za alumini zilikuwa zimeota unga mweupe, kama chumvi iliyokauka kwenye mwamba, na katikati yake vumbi limeshikana likawa kama blanketi. Shaba ya chini imegeuka kijani. Nilisugua kwa mswaki na spiriti, mai yaliyotoka yalikuwa meusi. Ikapoa.

Hini chumvi haili bati tu. Yala na miguu ya zile pini za umeme. Pini ikishika kutu kidogo, umeme wapita kwa tabu, pini yapata moto. Tizama ile pini ya waya nne inayoingia juu ya madabodi, karibu na prosesa. Yangu ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia upande mmoja.

#10 Kijana wa Gede

Dada BintiPate nimependa, lakini fundi ashaonyesha kipoza joto kiko sawa, 52 usiku na mchana.

#11 BintiPate

Kipoza joto sawa. Pini sijasikia mtu akiipima, kakangu.

#12 Fundi Barani

Dada ana haki. Pini ya waya nne ndiyo inayolisha prosesa yote. Jahazi, ichomoe uitazame.

#13 Mzee wa Marikiti

Wanangu mmenikumbusha mbali. Mwaka 1998 ilitoka Celeron 300A. Ilikuwa prosesa ya maskini, MHz 300, lakini kashe yake, kumbukumbu ya haraka, ya KB 128 ilikuwa ndani ya chipu na ikienda mwendo mmoja na prosesa. Kizidishi chake, namba inayozidishwa na mwendo wa basi (njia ya data ya bodi) kupata mwendo wa prosesa, kilikuwa 4.5, hakibadiliki. Ukitoa basi ya MHz 66 ukaweka 100, papo hapo unapata 450. Asilimia 50 ya ziada bila kuongeza senti. Mimi nilikuwa na chumba cha kuchapia barua hapa Malindi, nikaweka mbili za namna hiyo. Keisi tuliiacha wazi ubavuni, feni ya mezani ikipuliza ndani, na kila Ijumaa asubuhi kijana wangu alikuwa anapuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli. Moja ilidumu miaka sita.

Nakumbuka jambo moja. Ile nyingine ilikuwa inasumbua mchana tu. Tulilaumu joto mwezi mzima. Siku moja kijana akahamisha waya akachomeka kwenye soketi ya chumba cha pili, ikapona. Mpaka leo sijui kulikuwa na nini kwenye ile soketi ya kwanza.

#14 Volti240

Mzee umesema lote. Umeme.

#15 Nahodha PC

Jamani hakuna aliyeuliza swali la kwanza kabisa. Jahazi, volti za prosesa umeweka ngapi? Ulipanga mwenyewe au uliiachia bodi ijipangie?

#16 Jahazi la Langoni

Niliiachia. Niliongeza kizidishi tu, kutoka 32 hadi 42. Nimeingia BIOS, mipangilio ya bodi, sasa hivi, inaonyesha 1.35.

#17 Nahodha PC

Hapo ndipo moto ulipo. Moto wa prosesa unakwenda na mwendo, lakini unakwenda na volti mara mbili, yaani volti zidisha volti. Mwanzo ulikuwa 3.2 kwa kama volti 1.05. Sasa ni 4.2 kwa 1.35. Piga hesabu: mwendo umezidi mara 1.31, volti zikizidishwa zenyewe zimezidi mara 1.65. Jumla ni zaidi ya mara mbili ya moto wa mwanzo.

G3258 nyingi nilizoshika zinakaa 4.2 kwa 1.20 hadi 1.25. Bodi ikiachiwa inaweka nyingi ili isilaumiwe. Ukitoka 1.35 ukaja 1.22 unapunguza moto karibu asilimia 18 na mwendo haupungui hata hezi moja. Shusha 0.02 kila mara, endesha Prime95, programu ya kuijaribu prosesa kwa mzigo mzito, nusu saa, ikianguka rudi hatua moja juu uongeze na kidogo cha akiba. Chumba chako kina nyuzi 32, kwa hivyo jaribu mchana, usijaribu usiku ukafurahi bure.

#18 Kijana wa Gede

Nahodha hapo hapo juu uliandika "mara mbili ya moto". Prosesa ni wati 53. Kwa hiyo ni wati 115? Kwenye bodi ya H81?

#19 Nahodha PC

53 ni kikomo walichoandika ili watu wachague kipoza joto, si kile inachokula. Kwa kazi ya kawaida haifiki hapo. Kwa hivyo mara mbili ni ya kile inachokula kweli, ambacho ni kidogo kuliko 53.

#20 Fundi Barani

Hata hivyo swali la kijana ni zuri. Intel walikusudia prosesa hii ipandishwe kwenye bodi za Z87 na Z97. Watengenezaji wa bodi wenyewe ndio waliofungua mlango kwenye H81 kwa BIOS zao. Bodi za H81 za bei nafuu zina regyuleta chache za umeme pembeni ya soketi, vile vipande vyeusi vidogo vya mraba, na havina hata bati la kupozea juu yake. Ukivigusa vikiwa kazini mkono unaruka.

Jahazi, jibu vizuri hili. Tangu mwezi wa saba mpaka sasa, umebadilisha kitu chochote ndani ya keisi? Chochote, hata kama unaona ni cha maana na kizuri.

#21 Jahazi la Langoni

Pesti mara mbili kama nilivyosema. Na Disemba nilinunua kipoza joto kikubwa, kile cha mnara, shilingi 2,500, nikatoa ile feni ya duara ya Intel. Kabla yake ilikuwa inasoma 90 na zaidi, ndiyo maana nikanunua.

#22 Fundi Barani

Subhanallah. Hilo ungelitia kwenye posti ya kwanza tungelala mapema.

Feni ya duara ya Intel inapuliza chini. Hewa inagonga bodi halafu inatawanyika pande zote, inapita juu ya zile regyuleta, inapita juu ya kapasita. Ni kipoza joto dhaifu kwa prosesa lakini kinawalisha majirani. Mnara unapuliza ubavuni, sambamba na bodi, na hewa yake inapita juu kabisa bila kugusa kitu chini. Prosesa imeshuka kutoka 90 na kitu hadi 84 nawe ukafurahi, lakini regyuleta zilikuwa zinapata upepo na sasa hazipati hata pumzi. Bodi ya H81 haina kipimo cha kukuonyesha joto lao. Wewe unaona 84, wao huenda wako 115.

#23 Volti240

Fundi nakukubali ila tutazame na upande wa pili. Mnara umeuweka unapuliza wapi, nyuma au juu? Kama ni juu, na keisi ni ya kizamani yenye pawa saplai juu, basi moto wote wa prosesa unaingizwa moja kwa moja kwenye mdomo wa pawa saplai. Hewa ya nyuzi 45 au 50 inaingia kupoza kitu ambacho tayari kinalia. Dalili ni zile zile: kuzima ghafla, kukataa kuwaka dakika tano.

#24 Jahazi la Langoni

Pawa saplai iko juu. Mnara unapuliza juu, kwa sababu tundu za kufungia zilikubali hivyo tu, upande ule mwingine RAM inazuia.

#25 Kijana wa Gede

Sasa tuna washukiwa watatu na wote wameanza mwezi mmoja: mnara, kaskazi, na viyoyozi vya wageni.

#26 BintiPate

Wanne. Pini.

#27 Nahodha PC

Na volti. Watano.

#28 Mkia wa Mbuzi

Kwanza hongereni kwa uzi. Mimi naona hapa kuna tatizo moja na linaitwa Haswell. Kuanzia mwaka 2012 Intel waliacha kulehemu kifuniko cha prosesa za kawaida, wakaweka pesti ndani, kati ya chipu na kifuniko. Walirudi kulehemu mwaka 2018 na akina i9-9900K. Pesti ile ya ndani inakauka. Jahazi anabadilisha ya nje mara mbili lakini ya ndani iko pale tangu kiwandani. AMD hawana ujinga huo, Ryzen zote zimelehemiwa.

Dawa ni kuimenya. Mimi niliimenya i5-4690K kwa jiliwa la seremala na kipande cha mti wa mkoko. Unabana kifuniko, unagonga taratibu mpaka gundi inaachia. Nyuzi 15 zilishuka.

#29 Kijana wa Gede

Si zote mkuu. 2200G yangu ina pesti ndani, pamoja na Ryzen nyingine za namna hiyo zenye chipu ya picha ndani yake. Ryzen 3 1200 ya mwaka 2017 ndiyo iliyolehemiwa. Nililijua hilo siku niliyoziweka zote mbili kwenye bodi moja, volti sawa, na yangu ikawa moto zaidi.

#30 Mkia wa Mbuzi

Nimesahihishwa, ahsante.

#31 Nahodha PC

Na mtu asimenye prosesa inayomlisha kwa kusoma uzi huu. Halafu wale wanaoweka ile metali ya maji badala ya pesti: ina galiamu, na galiamu inakula alumini. Ikidondoka tone moja kwenye kipoza joto cha alumini, baada ya muda mfupi alumini inavunjika kwa vidole kama biskuti. Shaba inavumilia.

#32 Mshela wa Pili

Mimi sijui mambo haya sana lakini kaka yangu alikuwa anaweka beseni la barafu nyuma ya kompyuta, feni ikipuliza juu ya barafu. Alisema inapoza ajabu. Pia kuna zile feni za maji madukani.

#33 Nahodha PC

Usifanye hivyo Lamu, tafadhali. Chumba chenye nyuzi 31 na unyevu wa asilimia 75, kitu chochote kikishuka chini ya nyuzi 26 hivi kinatoka jasho. Umewahi kutoa soda kwenye friji ukaiweka mezani? Lile jasho la chupa ndilo litakalokaa kwenye madabodi, nalo litakutana na ile chumvi ya BintiPate. Feni za maji zinafaa bara, kwenye ukavu, ambapo maji yanageuka mvuke haraka na kuchukua joto. Hapa kwetu hewa imeshashiba maji, hazipozi, zinaleta unyevu tu.

#34 BintiPate

Kaka yake sasa yu wapi na kompyuta hiyo?

#35 Mshela wa Pili

Ilikufa.

#36 Mtu wa Kibokoni

Nitasema lisilopendwa. Uza hiyo G3258. Soketi ni 1150, bodi hiyo hiyo ya H81 inabeba i5-4570, koa (viini vya kazi) nne, 3.2 mpaka 3.6, bila kupandisha chochote. Kwa kutoa video koa nne tulivu zinapita koa mbili zinazohema. Na Pentium hiyo haina AVX, amri za kuharakisha hesabu, programu nyingi za video zinaitumia. Mimi nilipata i5 ya kutumika kwa shilingi 3,500 hapa Malindi.

Na hapo nina swali kwa Fundi Barani. Bodi za H81 zinabeba hata i7-4790 ya wati 84. Kama regyuleta zinaweza hiyo, vipi zishindwe na Pentium?

#37 Fundi Barani

Zinaibeba ikiwa na feni yake ya duara inayopuliza chini, kwa volti za kawaida, kwenye chumba walichokipigia hesabu wao. Na i7 hiyo ikifikia kikomo chake cha wati inajizuia. Pentium iliyofunguliwa haizuiwi na mtu.

#38 Mtu wa Kibokoni

Jibu zuri lakini halinitoshi. Kwa hesabu ya Nahodha mara mbili ya kidogo bado ni karibu na 84 ile ile. Mimi naona regyuleta hazina hatia.

#39 Jahazi la Langoni

Kaka wa Kibokoni, ushauri wako nimeupokea na i5 nitaitafuta inshallah. Lakini nikueleze kwa nini naipenda hii. Niliinunua na pesa ya harusi ya kwanza niliyoihariri maishani, kwenye laptopu ya kuazima. Sikuwa na pesa ya i5. Kukaa usiku nikaongeza kizidishi hatua moja moja, 33, 34, 35, nikiona dakika zinapungua kwenye kazi ile ile, nilijifunza kompyuta kuliko miaka yote ya shule. Sitaki kuiacha kabla sijajua inachoumwa.

#40 Mzee wa Marikiti

Huyu mtoto nimempenda.

#41 Kijana Mgeni

Samahani kuingilia, mimi nina G3258 kwenye H81 pia. Niliyoyapata ni tofauti: nilipoweka Windows 10 ilikwama kwenye nembo, haiendi wala hairudi, mpaka nilipozima koa moja kwenye BIOS. Nikaambiwa maikrokodi, maagizo ya ndani ya prosesa, inayokuja na Windows haipatani na kupandisha kwenye bodi hizi. Jahazi unatumia Windows gani?

#42 Jahazi la Langoni

Windows 7 bado. Pole, hilo sijalipata.

#43 Jahazi la Langoni

Wadau, nimerudi na habari. Jana nilifungua keisi yote nikaiweka sakafuni kwenye mkeka.

Pini ya waya nne: BintiPate, haikuungua. Lakini pini moja ina doa la kijani ndogo kama punje ya mtama. Nimeisafisha kwa spiriti na kijiti cha pamba.

Volti: nilishuka mpaka 1.24. Kwenye 1.22 ilileta skrini ya buluu dakika ya kumi na moja, nikarudi juu. Saa nane mchana prosesa sasa inasoma 75.

Regyuleta: nilichukua feni ndogo ya keisi nikaifunga kwa nyuzi za kuvulia samaki, inaning'inia juu yake ikipuliza chini. Kabla sijaifunga nilijaribu kugusa. Sikuweza kuhesabu hata mbili. Baada ya feni naweza kuweka kidole nikahesabu mpaka kumi.

Kisha nikaanzisha harusi ya kwanza saa saba na nusu. Ikaenda vizuri, nikasema alhamdulillahi. Saa tisa na dakika kumi ikazima. Tap. Ile ile.

#44 Fundi Barani

Lakini imekaa saa moja na dakika arubaini. Zamani ilikuwa inakaa ngapi mchana?

#45 Jahazi la Langoni

Dakika ishirini, thalathini.

#46 Fundi Barani

Basi tumekamata kitu.

#47 Volti240

Mmekamata lakini hamjui mmekamata nini. Amesafisha pini, ameshusha volti, ameongeza feni, vyote siku moja. Kushusha volti kumepunguza mzigo wa regyuleta na wa pawa saplai pia. Na mkono wake ulipoungua kwenye regyuleta haimaanishi ndizo zinazozima, vitu hivyo huwa moto siku zote. Jahazi, hiyo saa tisa na dakika kumi ukutani kulikuwa na volti ngapi? Na je, uligusa pawa saplai?

#48 Jahazi la Langoni

Niliigusa baada ya kuzima. Bati la juu lilikuwa moto kama sufuria uliyoitoa jikoni sasa hivi. Ile hewa inayotoka nyuma ilikuwa na harufu, si ya kuungua, kama harufu ya rangi kwenye jua. Volti sikupima, mita sina.

#49 Volti240

Nitakuletea mita kesho baada ya adhuhuri, niko Mkomani tu. Na nina pawa saplai ya wati 450 nzima, nitakuja nayo. Usiguse kitu chengine chochote mpaka nifike.

#50 BintiPate

Ukiifungua hiyo ya zamani piga picha ya ndani utuwekee. Nataka kuona kapasita zake zimefura au la, na mbati zake zina unga au hazina.

#51 Mtu wa Kibokoni

Na mimi nataka kujua, kwa sababu kama ni pawa saplai basi i5 niliyomwambia anunue ingezima vile vile.

#52 Jahazi la Langoni

Volti240 ameshafika. Saa nane kasoro dakika kumi mita imesoma 208. Tumebadilisha pawa saplai peke yake, feni ya nyuzi za samaki iko pale pale, mwendo 4.2, volti 1.24. Harusi ya pili imeanza. Mama wa bibi harusi yuko chini anakunywa chai na mamangu.

#53 Fundi Barani

Ikifika saa kumi ikiwa imewaka, itoe ile feni ndogo, uanzishe ya tatu. Tujue.

#54 Volti240

Tuko hapa. Prosesa 76, mita 206. Inakwenda.